Nililala bila kula, sukari ikatoka wapi?

Kila mkazi wa Nairobi anayeumwa na tumbo huambiwa ana vidonda vya tumbo. Akikosa kiamsha kinywa, ni vidonda. Akila maharagwe ya kibandani yakamsumbua, ni vidonda. Kwa hivyo nilipoanza kuhisi uzito fulani upande wa kulia, chini tu ya mbavu, nilijitibu kwa ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza asidi na kuendelea na kazi. Miezi minne ikapita. Mke wangu ndiye aliyechoka kunisikia nikiguna usiku. Akaniambia waziwazi kwamba nisipokwenda hospitalini atanishika mkono anipeleke mwenyewe, jinsi anavyompeleka mtoto kliniki.

Nilikwenda Jumamosi moja ya Februari mwaka jana, katika zahanati iliyo karibu na kwetu Buruburu. Nilikuwa nimeagizwa nisile kitu usiku. Agizo hilo halikunipa taabu kwa sababu Ijumaa hiyo nilitoka kazini saa tatu usiku, nikafika nyumbani nikiwa hoi, nikajitupa kitandani bila hata kufunua sufuria.

Muuguzi alinidunga kidole, akatazama kile kimashine chake, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, umekunywa chai?"

"Hapana."

"Hata mandazi ya njiani?"

Nikamwapia kwamba sijatia kitu kinywani tangu jana mchana. Akaandika 6.4 kwenye kadi, akapiga mstari chini yake. Kisha nikaingia chumba cha picha. Msichana wa mle ndani alinipaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa chake upande ule ule ulioniuma, akarudia, akarudia tena. Mwishowe akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kwamba kwa wiki nakunywa pombe kiasi gani.

"Mimi sinywi."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyesikia hadithi hiyo hiyo tangu Jumatatu. "Sawa. Nitaandika hunywi."

Karatasi niliyotoka nayo ilisema kwamba ini langu limepanuka kidogo na limejaa mafuta, daraja la pili.

Msomaji, kabla ya kuendelea sina budi kukueleza kwa nini maneno hayo yaliniondoa nguvu za magoti. Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka 2012 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na umri wa miaka 41. Alikuwa akinywa, na hakuna aliyelificha jambo hilo. Hata mhubiri siku ya mazishi hakulificha. Alisimama kando ya jeneza, mbele ya Mama, akatufunza ubaya wa ulevi kwa muda wa nusu saa nzima. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha uanahabari wakati huo. Tangu siku ile sijaonja hata bia moja, na katika familia yetu neno "ini" likawa na maana moja tu.

Nilipompigia Mama simu kule Wundanyi, alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, hata wewe?"

Naye Mama Neema hakusema neno. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya redio. Wiki hiyo akawa ananipokea mlangoni kwa kunisogelea kuliko kawaida yake, nami nikafurahi. Ilinichukua siku tatu kung'amua kwamba alikuwa akininusa.

Daktari niliyeelekezwa kwake alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Hakuniuliza habari za pombe. Aliichukua kadi yangu, akaweka kidole juu ya ile 6.4 na kuniuliza nilikula nini usiku ule. Nikamwambia nililala njaa.

"Basi hii sukari ilitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kama wengi wetu, nilikuwa nikiamini kwamba sukari iliyo damuni hutoka mdomoni. Ukila tamu inapanda, usipokula inashuka. Mtu akifunga usiku kucha sukari yake yapaswa kuwa chini ya 5.6. Ikifika 7 na zaidi, na kipimo kikirudiwa kikatoa jibu lilo hilo, huo ni ugonjwa wa kisukari. Mimi nilikuwa katikati ya njia, na sikuwa nimekula chochote.

"Ilitoka hapa," akasema, akinigusa chini ya mbavu.

Ini, alinieleza, lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na mojawapo ya kazi zake nyingi ni kuwa ghala. Ubongo hula sukari mchana na usiku, hata tukiwa usingizini, na hauwezi kungoja kupambazuke. Kwa hivyo ini huweka akiba ya sukari tunapokula, kisha huitoa kidogo kidogo tunapolala. Akiba ikipungua, ini lenyewe hutengeneza sukari mpya kutokana na vitu vingine mwilini. Bila kazi hiyo, mtu aliyelala njaa asingeamka.

Lakini kila ghala lina mwenye kuamuru. Hapa mwenye kuamuru ni insulini, homoni inayotolewa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Tukila, insulini hupanda, ikaiambia misuli ifungue milango ipokee sukari, nalo ini ikaliambia: funga, usitoe tena, sasa weka. Usiku insulini hupungua ila haiishi. Ile kidogo inayobaki hulishika ini mkono lisitoe kupita kiasi. Mwili wenye usikivu mzuri hutii insulini kidogo tu.

Ini likijaa mafuta husikia kwa shida. Madaktari huhesabu kwamba lina mafuta kupita kiasi yakizidi asilimia 5 ya uzito wake. Baadhi ya mafuta hayo, ndani ya chembechembe za ini, huvuruga ujumbe wa insulini njiani. Insulini inafika na kubisha hodi, lakini habari haiingii ndani ya nyumba. Basi ini linaendelea kumwaga sukari usiku kucha kana kwamba mwenye nyumba amefunga siku arobaini. Ndiyo ile 6.4 yangu ya asubuhi.

Nikadhani ameshamaliza, kumbe sehemu yenyewe ilikuwa bado. Kongosho likiona agizo halitiiwi, huongeza insulini. Sasa, ini lililojaa mafuta haliwi kiziwi wa maagizo yote. Lile la kuacha kutoa sukari halisikii, lakini insulini pia huliamuru ini ligeuze sukari iliyozidi kuwa mafuta, na agizo hilo linasikika barabara. Ukitaka kuelewa, mfikirie kondakta wa matatu. Ukimwambia "shukisha" hasikii hata upige paa la gari, lakini mtu wa pembeni akinong'ona "kuna abiria" anasikia mara moja. Kwa hivyo insulini inazidi, mafuta yanazidi, na ukiziwi unazidi, na hayo yanasababisha insulini izidi tena. Mtu anaweza kuishi katika mzunguko huo miaka mingi bila dalili yoyote, hadi kongosho linapochoka. Zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili huwa na mafuta kwenye ini.

Nilimwuliza ni kipi kilichotangulia, mafuta au ukaidi. Akacheka, akasema wataalamu wameligombania swali hilo miaka mingi. Kwa mmoja mambo huanzia kwenye misuli na kitambi, mafuta ya tumboni yakawa yanavuja kwenda kwenye ini. Kwa mwingine huanzia moja kwa moja kwenye sahani. "Kwako wewe," akasema, akikitazama kitambi changu, "sioni sababu ya kuchagua."

Nilipofika nyumbani nilifanya kile mwandishi afanyacho akiogopa, yaani kusoma. Kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa cha jikoni. Ufaransa kuna chakula cha matajiri kiitwacho foie gras, nacho ni ini la bata au la bata bukini lililonona. Ndege huyo hulishwa kwa nguvu, kwa mrija, kwa siku kumi na kitu hivi hadi ini lake livimbe mara kadhaa na kugeuka rangi. Hapewi pombe. Anapewa mahindi.

Usiku huo niliutazama ugali wangu kwa jicho jingine. Sisemi ugali ni sumu. Babu zangu waliula wakapanda na kushuka milima ya Taita hadi uzeeni. Lakini hawakuula wakiwa wameketi mbele ya kompyuta, na hakuna aliyewashindilia. Mimi nilikuwa nimejishindilia mwenyewe.

Jambo la pili lilinifanya nitake kumrudia yule msichana wa picha. Mwaka 1980, daktari mmoja wa Marekani aitwaye Jurgen Ludwig, wa hospitali ya Mayo, pamoja na wenzake, waliandika juu ya wagonjwa 20 ambao maini yao, yakitazamwa kwa hadubini, yalifanana kabisa na ya walevi. Wagonjwa wenyewe walisema hawanywi. Wengi wao walikuwa wanene na kisukari kilikuwa kimewapata baadhi yao. Madaktari hao waliamua kuwaamini, wakaupa ugonjwa jina lililomaanisha kwamba ni uvimbe wa ini usiotokana na pombe. Nadhani kabla ya hapo, wagonjwa wengi wa namna hiyo walikufa wakiitwa waongo.

Na kuhusu usikivu wenyewe, tangu Banting na Best walipoipata insulini mjini Toronto mwaka 1921, wengi walidhani kila mwenye kisukari ameipungukiwa. Ni Harold Himsworth wa London aliyeonyesha mwaka 1936 kwamba kuna wagonjwa ambao insulini huwafaa mara moja na wengine ambao miili yao haiijali. Imepita karibu karne moja, na bado mtaani tunaambiana kwamba kisukari ni kula sukari, basi.

Kabla ya kupata akili, hata hivyo, nilifanya upumbavu mmoja. Katikati ya jiji kuna mtu anayeuza dawa ya kusafisha ini. Nilimpa shilingi 3,500 nikapewa chupa mbili za maji meusi machungu. Nilipomtajia daktari, sauti ile ya mwalimu wa hesabu ikapanda. Aliniambia kwamba kila ninachokimeza lazima kipite kwenye ini, na kwamba ameshawahi kuwatibu watu ambao ini lao liliumizwa na dawa za kulisafisha. Chupa ya pili niliimwaga chooni, nikizihesabu shilingi zangu.

Dawa aliyonipa yeye ilikuwa namba tu. Nilikuwa na kilo 86, na urefu wangu ni futi tano na inchi saba. Akasema nikipunguza asilimia 5 ya uzito, mafuta ya ini yataanza kuondoka, na nikifika 7 hadi 10, hata uvimbe wenyewe hutulia kwa watu wengi. Akanieleza habari za jaribio lililofanywa Newcastle, Uingereza, chini ya Profesa Roy Taylor, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili walipewa kalori 600 tu kwa siku kwa wiki nane. Kwa wiki moja pekee, sukari yao ya asubuhi ilirudi kawaida, na mafuta ya ini yalikuwa yamepungua kwa karibu theluthi moja. Bado walikuwa wanene! Ini ndilo lililokuwa la kwanza kupata nafuu, nalo likaanza kusikia. Katika jaribio kubwa zaidi lililotangazwa mwaka 2017, asilimia 46 ya waliosaidiwa kupunguza uzito hawakuwa na kisukari baada ya mwaka mmoja, na hawakuwa wakimeza dawa zake.

"Usinijaribie hizo kalori 600 nyumbani," akaongeza haraka. Anayetumia dawa za kisukari akijinyima hivyo bila daktari, sukari inaweza kushuka akazimia.

Nikaanza kwa kuhesabu. Chai ya ofisini vikombe vitano, vijiko vitatu kila kikombe: hivyo ni vijiko 15. Soda ya mchana na chipsi, na soda nyingine saa kumi ya kunisukuma nimalize makala. Soda nyingi za nusu lita zina takriban gramu 50 za sukari, zaidi ya vijiko kumi vya chai. Nusu ya sukari tunayotumia ni fruktosi, na sehemu kubwa yake huishia kwenye ini, ambalo likizidiwa huigeuza kuwa mafuta. Kwa muda wa miaka kumi nilikuwa na chupa yangu mezani kila siku kama kaka yangu. Tofauti ni kwamba yangu hakuna mhubiri ambaye angeihubiria.

Soda niliiacha siku moja, na kichwa kikaniuma wiki nzima. Sukari ya chai nilishuka nayo kijiko kwa kijiko hadi sifuri, na chai ya maziwa isiyo na sukari, wacha nikwambie ukweli, haijawahi kuwa tamu hadi leo. Nikahamia kahawa. Tafiti nyingi zimewakuta wanywaji wa kahawa wakiwa na ini lenye makovu machache, na ni ajabu kwamba sisi tunaoikuza kahawa nzuri huiuza nje na kubaki na chai. Ugali ukapungua ukawa robo ya sahani, sukuma wiki ikachukua nusu, na maharagwe, samaki au kuku wakagawana iliyobaki. Asubuhi nikawa natembea dakika arobaini kwenye Barabara ya Jogoo kabla ya kupanda matatu. Misuli inapofanya kazi hujichukulia sukari bila kungoja ruhusa ya insulini, na mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata pale mizani inapokataa kusogea.

Mizani yangu ilikataa mara nyingi. Pasaka niliharibu kazi ya wiki tatu kwa nyama choma na chapati za shemeji. Kazini wakaanza kunong'ona, maana Nairobi mwanamume akikonda watu huona ugonjwa au madeni. Kitambi kilipoanza kwenda, mlinzi wa lango letu aliniuliza kwa huruma ya kweli kama bado nina kazi.

Mwezi Agosti nilirudi zahanati ile ile. Kilo 78. Sukari ya asubuhi, baada ya kulala bila kula kama mara ya kwanza, ilikuwa 5.3. Picha ikaonyesha daraja la kwanza, na msichana alikuwa mwingine. Daktari hakunipigia makofi. Alisema ile picha haiyaoni vizuri mafuta yakiwa machache, kwa hivyo nisijidanganye kwamba nimefika. Mama Neema aliisoma karatasi mpya mara mbili, akaichomoa ile ya zamani chini ya redio, akazitia zote kwenye bahasha ya vyeti vya watoto.

Wiki ya pili nilipanda treni hadi Voi, kisha matatu ya kupanda milima hadi Wundanyi. Nilitaka kumweleza Mama uso kwa uso, si kwa simu. Tuliketi nje jikoni akichambua maharagwe. Nikamwambia habari za ghala, za mwenye kuamuru, na za mafuta yanayoziba masikio. Alisikiliza bila kuinua macho.

Kisha akaanza kunieleza mambo niliyokuwa siyajui. Kwamba kaka yangu alikuwa na tumbo kubwa tangu ujanani, kabla hajaanza kunywa. Kwamba mwaka mmoja kabla ya kifo chake alipimwa akakutwa na sukari, akamwapiza Mama asimwambie mtu. Kwamba alikuwa akiamka usiku kunywa maji mtungi mzima.

"Sasa niambie, baba, wewe unayesoma. Ilikuwa ni pombe?"

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini duniani viliubadilisha jina ugonjwa huu. Waliliacha jina la "usio wa pombe" na kutanguliza hitilafu ya jinsi mwili unavyotumia chakula. Wakaweka pia fungu la pekee kwa watu walio na yote mawili, hitilafu hiyo na pombe ya kupita kiasi, kwa sababu mawili hayo yakikutana kwenye ini moja huliharibu upesi zaidi. Katika maandishi yote niliyosoma, ndilo fungu lililonikumbusha mtu.

"Pombe ilikuwapo, Mama," nikamwambia. "Lakini huenda haikuwa peke yake."

Aliendelea kuchambua. Kuku mmoja akaja, akamfukuza kwa mguu.

"Yule mhubiri angali hai," akasema hatimaye. "Alhamisi anakuja hapa, maombi ya kina mama."

"Utamwambia?"

"Haya maneno yako ni mengi, nitayasahau. Niandikie. Uandike kwa herufi kubwa, miwani yangu imevunjika."

Nikachana ukurasa kwenye daftari langu la kazi, nikaanza kumwandikia.